Muulize Mfamasia: Krimu ya "nano" na kidonda cha mama

*Mama mfamasia, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Tanga. Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari, na tangu Ramadhani ana kidonda kwenye unyayo, chini kidogo ya kidole gumba. Amemeza antibayotiki za aina tatu. Kidonda kinakauka juu, baada ya wiki mbili kinafumuka tena. Hospitali waliotesha usaha, majibu yakarudi yana R nyingi kuliko S. Binamu yangu anayesoma Ujerumani amenitumia makala kuhusu peptidi za kuua bakteria zilizofungwa ndani ya chembe nano, anasema ndiyo dawa ambayo vimelea haviwezi kuizoea. Na kuna mtu WhatsApp anauza krimu ya "nano peptidi", kichupa shilingi 150,000, dozi vichupa sita. Nina pikipiki naweza kuiuza. Nifanyeje?*
Mtoto wa kwanza, Tanga

Marahaba mwanangu, na mpe mama pole zangu. Pikipiki usiiuze.

Nitakueleza sababu, ila sitaki ufikiri binamu yako amekupotosha. Alichosoma ni elimu ya kweli, na mimi naifuatilia kwa hamu kwa sababu nimeshuhudia wagonjwa wengi wakikosa dawa ya kuwafaa huku rafu zimejaa maboksi. Anayekupotosha ni huyo wa WhatsApp.

Tuanze na peptidi yenyewe. Ni kipande kifupi cha protini, asidi amino chache zilizoungana mfululizo, mara nyingi kati ya 10 na 50. Mwili wa mama unazitengeneza hata sasa: kwenye ngozi, machozi, mate, utumbo, na ndani ya chembe nyeupe za damu. Mojawapo inaitwa LL-37 kwa kuwa ina asidi amino 37. Nyingi zina chaji chanya, na utando wa nje wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo peptidi inavutwa pale. Ikifika inajichomeka katikati ya mafuta ya ule utando. Zikishakuwa nyingi utando unatoboka, vya ndani vinavuja, na bakteria anakufa, mara nyingi ndani ya dakika chache. Seli zetu kwa upande wa nje hazina chaji hasi kiasi hicho, tena zina kolesteroli inayoimarisha utando, ndiyo maana hazidhuriki sana. Hilo neno "sana" lishike, maana dozi ikipanda hata chembe nyekundu za damu zinaanza kupasuka.

Watafiti walizigundua kwa njia ambazo zinanigusa mpaka leo. Mwaka 1981 Hans Boman na wenzake kule Sweden walizipata kwa nondo akiwa bado pupa, yaani hatua kati ya buu na nondo kamili. Mwaka 1987 Michael Zasloff, akiwa kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alikuwa akitumia vyura wa kusini mwa Afrika, wale wenye kucha miguuni wanaoitwa *Xenopus laevis*. Alikuwa akiwapasua tumbo kutoa mayai kwa ajili ya utafiti mwingine, anawashona, anawarudisha kwenye matangi yenye maji ya kawaida tu, maji ambayo hayakuwa safi hata kidogo. Vidonda vilipona, usaha hakuna. Watu wengine wengi walikuwa wakifanya upasuaji uleule wakaona jambo lilelile, ila yeye ndiye aliyejiuliza kwa nini. Akaichunguza ngozi, akatoa peptidi mbili za asidi amino 23 kila moja. Akaziita magainini.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu sehemu hii inamhusu mama moja kwa moja. Kutokana na magainini ilitengenezwa dawa ya kupaka iitwayo peksiganani, na ugonjwa uliochaguliwa kuijaribia ulikuwa huuhuu: kidonda cha mguu cha mwenye kisukari kilichoingiwa na vimelea. Wagonjwa zaidi ya 800 walishiriki Marekani. Wengine walipaka krimu, wengine walimeza ofloksasini, antibayotiki ya vidonge. Matokeo yalikaribiana. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakataa kuisajili. Kampuni nyingine ikaichukua, ikafanya majaribio mawili makubwa, safari hii krimu yenye dawa ikishindanishwa na krimu isiyo na dawa, na wagonjwa wa pande zote mbili wakisafishwa vidonda na kuhudumiwa sawasawa. Mwaka 2016 majibu yakatoka: krimu yenye dawa haikuishinda ile isiyo na dawa.

Wapo waliosoma habari hiyo wakasema peptidi ni hadithi tu. Mimi naisoma tofauti. Kwanza, maabara peksiganani iliua hata bakteria waliozoea antibayotiki nyingine, hilo halikuwahi kuwa na ubishi. Ugumu ulikuwa kwenye kidonda chenyewe. Usaha umejaa vimeng'enya vinavyokata protini, na peptidi ni protini, kwa hiyo inakatwakatwa kabla haijafanya kazi. Chumvi ya majimaji ya mwili inapunguza ule mvuto wa chaji. Na kwenye kidonda cha muda mrefu bakteria hawaishi mmojammoja. Wanajikusanya ndani ya utando wa utelezi walioutengeneza wenyewe, dawa inabaki juu. Nadhani hapo utaelewa kwa nini cha mama kinakauka kisha kinafumuka. Pili, na hili naomba usilisahau, wale waliopaka krimu isiyo na dawa walifanya vizuri kiasi cha kuifikia dawa. Walichopata ni kusafishwa kidonda ipasavyo.

Hapo ndipo chembe nano zinapoingia. Wewe mtu wa Tanga unajua samaki akipakiwa kwenye basi la Arusha bila barafu anafika akiwa katika hali gani. Samaki alikuwa mzuri, safari ndiyo imemharibu. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una upana wa karibu nanomita 80,000, na chembe tunazozungumzia nyingi zina mia moja au mia mbili. Peptidi inafungwa humo ili vimeng'enya visiifikie, itoke kidogokidogo, na isitapakae kwenye seli zetu kwa mkupuo mmoja.

Vifungio viko vya aina nyingi. Kuna liposomu, yaani kitone kidogo kilichozungukwa na mafuta yanayofanana na yale ya utando wa seli. Kuna kitosani, inayotokana na maganda ya kamba na kaa, ambayo nayo ina chaji chanya na hushika vizuri kwenye kidonda. Kuna plastiki inayoyeyuka mwilini, jamii ileile ya nyuzi za kushonea ambazo daktari hahitaji kuja kuzitoa. Wengine hawafungi kitu ndani ya kitu: wanaipanga peptidi yenyewe iwe chembe. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia, walitangaza chembe zenye umbo la nyota zilizoundwa kwa asidi amino mbili tu, laisini na valini, zikaua bakteria aina ya *Acinetobacter* waliozishinda dawa nyingi, zikafanya kazi pia kwa panya walioambukizwa.

Kwa panya, mwanangu. Toka kwa panya hadi kwa mama ni mbali, na nyingi bado zipo njiani. Chembe zikiingia kwenye damu, ini na bandama huzidaka nyingi. Kuzitengeneza zote zikafanana, leo na mwezi ujao, ni kazi ngumu kiwandani. Peptidi yenyewe ni ghali. Na chembe ikiachia dawa polepole mno, bakteria wanapata dozi ndogo isiyoua, na hapo ndipo wanapojifunza.

Lakini usidhani neno "nano" ni la wachuuzi tu. Kama ulichanjwa UVIKO-19 kwa Pfizer au Moderna, ulichomwa chembe nano za mafuta. Na ipo dawa ya fangasi, amfoterisini, ambayo kwa muundo wake wa zamani ilikuwa ikiwatia wagonjwa homa na kutetemeka na kuwaumiza figo. Ikafungwa kwenye liposomu. Majaribio yaliyofanyika Uganda, Malawi, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini yalionyesha kuwa kwa wenye VVU waliopata homa ya uti wa mgongo ya fangasi, dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na vidonge vya wiki mbili, haikuwa nyuma ya matibabu ya sindano za kila siku kwa wiki nzima, tena madhara yalikuwa machache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Tayari inaokoa watu Afrika. Ndiyo sababu nina matumaini na peptidi pia.

Na peptidi zipo tayari dukani, ila hazitangazwi kwa jina hilo. Polimiksini iliyomo kwenye baadhi ya matone ya macho ni peptidi. Kolistini nayo ni peptidi, dawa ya miaka ya 1940, tunayoitunza kwa ajili ya chumba cha wagonjwa mahututi pale dawa nyingine zinapogoma. Nimeiandaa mara nyingi. Ni unga mweupe kwenye kichupa. Unatia maji ya sindano, halafu hukitikisi, unakizungusha taratibu kati ya vidole mpaka unga uyeyuke, kwa sababu ukikitikisa kinajaa povu na hutajua umevuta kiasi gani. Kisha kila siku unaulizia kipimo cha figo cha yule mgonjwa, maana dawa hii inaua bakteria na inaweza kuumiza figo vilevile. Nikisoma kuhusu chembe nano, kichupa kile ndicho kinachonijia. Laiti dawa kama ile ingefika kwa bakteria bila kupita kwenye figo za mtu.

Turudi kwenye mguu wa mama. Krimu ya WhatsApp: muulize muuzaji namba ya usajili ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania. Dawa yoyote halali nchini inayo, na TMDA wanaweza kukuthibitishia kama ipo kwenye rejista yao. Asiye na namba hana dawa. Nikuambie wazi, krimu ya peptidi ndani ya chembe nano iliyosajiliwa kwa kidonda cha kisukari mimi sijaiona, wala kwetu wala kwa wenzetu, na ningependa sana kuiona.

Zile herufi kwenye karatasi ya maabara ndizo zenye thamani. R maana yake vimelea ni sugu kwa dawa hiyo, S maana yake dawa inafanya kazi, I iko katikati na inamhitaji daktari aamue dozi. Umesema S zipo. Hata ikiwa moja, ndiyo ya kuanza nayo, kwa dozi na siku atakazoandika daktari, si kwa vidonge vitano vya kuonjaonja. Uliza pia usaha ulichukuliwaje. Ukipanguswa juujuu, mara nyingi wanaoota ni wadudu wa ngozi tu. Unatakiwa uchukuliwe ndani, kidonda kikishasafishwa.

Mpeleke kwenye kliniki ya kisukari wakate nyama iliyokufa na ile ngozi ngumu ya pembeni, wapime mapigo ya damu mguuni, na wapige picha ya eksirei, kwa sababu kidonda cha miezi kinachofumukafumuka kinaweza kuwa kimeshafika kwenye mfupa, na mfupa haupakwi krimu. Sukari ishuke. Na mama asikikanyage kidonda. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu haumwi, mishipa ya fahamu imekufa ganzi, kwa hiyo anatembea juu ya kidonda kana kwamba hakipo, anaenda sokoni, anasimama jikoni. Kila hatua inakifungua. Waulize kuhusu kiatu maalumu au namna ya kufunga mguu ili uzito uhamie kwingine. Nyumbani ukague mguu wa pili kila jioni, hadi katikati ya vidole, na maji ya kuoga ayapime mtu mwingine au yeye kwa kiwiko, si kwa mguu.

Ukiona wekundu unapanda, weusi kwenye kidole, harufu kali au homa, usisubiri kliniki ya wiki ijayo. Nenda siku hiyohiyo. Pesa uliyotaka kuitoa kwenye pikipiki, sehemu yake ndogo tu itatosha nauli na shashi.

*Mama, mimi ni mfugaji wa kuku wa nyama Kibaha. Nilikusikia redioni ukiitaja kolistini. Mbona mimi huwa nawapa vifaranga kwenye maji siku ya kwanza wanapofika, ili wasife? Kuna ubaya?*
Mfugaji, Kibaha

Upo, ndugu yangu, na nashukuru umeuliza. Mwezi Novemba 2015 watafiti wa China walitangaza jeni, yaani kipande cha DNA chenye maelekezo ya kurithi, iliyopewa jina la mcr-1, waliyoipata kwa bakteria wa nguruwe, wa nyama madukani, na wa wagonjwa hospitalini. Jeni hiyo inabadilisha chaji ya utando wa bakteria ili kolistini isivutwe tena pale. Kibaya zaidi imekaa kwenye kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine, hata wa aina tofauti. China ilikuwa ikichanganya kolistini kwenye chakula cha mifugo ili ikue haraka. Mwaka 2017 ikapiga marufuku matumizi hayo.

Wewe hukuwa na nia mbaya, ulitaka vifaranga wapone. Lakini unawatibu ugonjwa ambao hawajaupata, kwa dawa ile ile inayowekwa akiba ya mwisho kwa mtoto mchanga aliyepata vimelea kwenye damu. Kinachoua vifaranga wa siku ya kwanza mara nyingi ni baridi, banda lenye unyevu, na maji machafu. Kideri ni virusi, hakuna antibayotiki inayokigusa. Kina chanjo, na ni ya bei nafuu. Pakitokea kuhara, mwite mtaalamu wa mifugo aone kuku aliyekufa kabla hujafungua pakiti. Na ukiwapa antibayotiki yoyote, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuchinja uziheshimu.

*Shikamoo Mama. Niko kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na biolojia), Moshi. Mwalimu alisema bakteria hawawezi kuwa sugu kwa peptidi kwa sababu hawawezi kubadilisha utando wao wote. Ni kweli? Na je, ili kupata dawa hizi inabidi vyura wauawe?*
Msichana wa PCB, Moshi

Marahaba binti. La vyura ni rahisi: hawauawi. Ukishaujua mfululizo wa asidi amino, mashine inaziunganisha moja baada ya nyingine juu ya punje ndogo za plastiki. Njia hiyo aliibuni Bruce Merrifield mwaka 1963, na mwaka 1984 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

La usugu lina kisa chake. Hoja ya mwalimu wako ndiyo aliyoisema Zasloff mwenyewe, yule wa vyura. Mwanabiolojia Graham Bell wa Canada hakukubaliana naye, akamwambia tujaribu. Wakashirikiana. Walikuza bakteria kwenye peksiganani, wakiongeza dozi kidogokidogo kwa vizazi 600 hadi 700. Mwaka 2006 wakachapisha matokeo pamoja: koo 22 za bakteria kati ya 24 zilikuwa zimekuwa sugu, na jina la Zasloff lipo kwenye makala hiyo inayompinga yeye. Namheshimu kwa hilo kuliko hata kwa ugunduzi wake.

Kwa hiyo wanaweza. Bakteria hana haja ya kubadilisha utando wote. Inatosha kupunguza chaji hasi ya nje. *Staphylococcus aureus* hufanya hivyo kwa kubandika laisini kwenye mafuta ya utando wake. Bakteria wenye jeni ya mcr-1, niliyomweleza mfugaji hapo juu, hufanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Hii ndiyo sababu watafiti wengi sasa wanaweka vitu viwili ndani ya chembe nano moja, peptidi ya kutoboa utando na antibayotiki ya kuingia kwenye tundu hilo. Bakteria anayetaka kunusurika inabidi apate mabadiliko mawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni gumu zaidi, ingawa si muhali.

PCB yako inatosha kuingia famasia au sayansi za maabara. Ukifika chuo, soma kemia ya polima, yaani ya molekuli ndefu kama zile za plastiki, kwa bidii hata kama wenzako wanaikimbia, kwa sababu peptidi nzuri tunazo nyingi; tunaowahitaji ni watu wa kuzifikisha.